Chai ya Rangi na Mishipa ya Damu: Tatizo Liko Kwenye Kijiko

Shangazi yangu anaishi Muheza, upande ule ambao ukitoka nje asubuhi unaiona milima ya Usambara imejifunika ukungu. Huko juu, Amani, ndiko Wajerumani walikoijaribu miche ya chai mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba yapo mpaka leo. Kwa hiyo huwezi kumfundisha mtu wa Muheza habari za chai. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimu nilimkuta barazani na kikombe chake, chai ya rangi iliyokolea hadi kuwa damu ya mzee. Nikamuuliza vipi vidonge vya presha. Akaninyanyulia kikombe.

"Dawa si hii hapa, baba? Hii inasafisha mishipa."

Kisha akatia kijiko cha tatu cha sukari, akakoroga.

Hilo neno la kusafisha mishipa nimelisikia sokoni, kwenye daladala, na hata kwa watu waliosoma. Linatokana na picha tuliyo nayo vichwani: mshipa ni bomba, mafuta ni uchafu ulioganda ndani yake, na kinywaji chochote cha moto chenye uchungu kidogo kitapita kikikwangua. Lakini bomba ni kitu kisicho na uhai, na mshipa unaishi. Kuta zake zina misuli inayokaza na kulegea. Upande wa ndani kabisa, ule unaoguswa na damu, umetandikwa utando wa seli zilizojipanga safu moja tu, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Wataalamu wanauita endotheli. Anayetaka kujua chai inafanya nini kwenye mishipa aachane na bomba, autazame utando huo.

Kazi ya utando huu iligunduliwa kwa bahati, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa. Robert Furchgott, mwanasayansi wa New York, alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Kila alipoviwekea kemikali iitwayo asetilikolini, vilikaza. Jambo la ajabu ni kwamba ndani ya mnyama aliye hai kemikali hiyohiyo huilegeza mishipa. Siku moja mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi ya maabara haikufuata mpangilio wa kawaida, na kipande kikalegea. Alipofuatilia alikuta kwamba siku zote, wakati wa kuandaa vipande, upande wa ndani ulikuwa ukisuguliwa na utando ule kutoka. Safari hii ulikuwa umebaki. Kumbe utando ndio unaotoa amri ya kulegea, na baadaye ikajulikana kwamba amri yenyewe ni gesi, nitriki oksaidi. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mshipa wenye afya ni ule unaojua kutanuka damu inapohitaji njia. Utando ukichoka, kwa sababu ya presha ya muda mrefu, sukari, sigara, lehemu nyingi au uzee tu, gesi hiyo hupungua. Mshipa unabaki umekaza, na kuta zake zinaanza kupokea mafuta ambayo hapo awali zingeyakataa. Safari ya kuelekea kiharusi na mshtuko wa moyo huanzia hapo, miaka mingi kabla ya dalili yoyote.

Uwezo wa utando kufanya kazi unapimika bila kumchana mtu. Mgonjwa analazwa, mkono unafungwa mpira kama ule wa kupimia presha, unakazwa mpaka damu isipite, na unaachwa hivyo dakika 5. Ukifunguliwa, damu inakuja kwa kishindo. Kwa mashine ya altrasaundi mpimaji anaangalia mshipa wa mkono umetanuka kwa asilimia ngapi. Ukitanuka vizuri, utando uko kazini.

Mwaka 2001 madaktari wa Boston, Marekani, waliwapima hivyo wagonjwa wa mishipa ya moyo. Waliwapa chai ya rangi, wakawapima saa 2 baadaye. Kisha wakawanywesha mililita 900 kwa siku, kama vikombe 4, kwa wiki 4. Mishipa iliyokuwa ikitanuka kwa shida ilianza kutanuka vizuri zaidi, kwa muda mfupi na hata baada ya zile wiki 4. Maji hayakuleta mabadiliko hayo. Kafeini peke yake nayo haikuyaleta. Mwaka 2009 huko L'Aquila, Italia, wanaume 19 wenye afya walipewa viwango tofauti vya flavonoidi za chai ya rangi, wiki moja kwa kila kiwango. Kadiri kiwango kilivyopanda ndivyo mishipa ilivyotanuka zaidi, na hata kile cha chini, ambacho hakizidi kikombe kimoja cha kawaida, kilionyesha tofauti.

Kinachofanya kazi ni nini? Jani bichi la chai limejaa flavonoidi ziitwazo katekini. Kiwandani jani husagwa na kuchanwachanwa, kisha huachwa lipigwe na hewa mpaka kijani kigeuke hudhurungi. Watu wa viwandani wanasema linachachuka, ingawa hakuna hamira wala vijidudu hapo. Ni hewa tu na vimeng'enya vya jani lenyewe. Katekini nyingi hugeuka kuwa theaflavini na thearubijini, ndizo zinazoipa chai yetu wekundu wake na ule ukakasi unaokausha ulimi. Jamii hii yote ya flavonoidi inaonekana kuusaidia utando utoe nitriki oksaidi zaidi na isiharibiwe upesi.

Mpaka hapo shangazi angesema, si nilikwambia. Sasa tuje kwenye ukubwa wa faida hiyo.

Mwaka 2012 watafiti wa Perth, Australia, walichapisha matokeo ya watu 95: baadhi walikunywa vikombe 3 vya chai ya rangi kila siku kwa miezi 6, na wenzao walikunywa kitu chenye ladha na kafeini ileile kisicho na chai. Presha ya wote ilipimwa saa 24 mfululizo. Kwa wanywaji wa chai namba ya juu ilishuka kwa pointi 2 hadi 3, ya chini kwa kama 2. Kwa taifa zima, kushuka pointi 2 si jambo dogo. Kwa mtu mmoja aliyekaa barazani na presha ya 165, chai inamfikisha 162. Bado amesimama palepale ukingoni. Vidonge vyake, akivimeza kila siku, vinashusha mara kadhaa ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na nauweka mbele ya mengine yote: chai inakaa pembeni ya kidonge, haikai mahali pake. Ukiona mtu ameacha dawa za presha kwa sababu "chai inatosha", au tangawizi, au majani yoyote, mrudishe kliniki. Presha haiumi. Kutoumia huko ndiko kunakowapoteza watu.

Ipo pia kazi kubwa iliyochapishwa mwaka 2022 kutoka Uingereza, iliyowafuatilia watu karibu 500,000 kwa miaka kama 11, wengi wao wanywaji wa chai ya rangi. Waliokunywa vikombe 2 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa chai kabisa. Ni habari njema, ila haikuwa jaribio. Watu walijichagulia wenyewe, na mnywaji wa chai anaweza kutofautiana na asiyekunywa kwa mambo mengine mia. Tena ukumbuke kwamba tafiti kadhaa za chai zimepata mkono wa makampuni ya chai. Sisemi ni uongo. Nasema uzipokee kama unavyopokea sifa za bwana harusi kutoka kwa mama yake.

Maziwa nayo yana mabishano yake. Mwaka 2007 watafiti wa Berlin waliwapa wanawake 16 waliokwishakoma hedhi nusu lita ya chai, mara bila maziwa, mara ikiwa na maziwa yaliyotolewa mafuta, asilimia 10 tu ya kikombe. Chai tupu ilitanua mshipa. Chai yenye maziwa haikutofautiana na maji. Walieleza kwamba kaseini, protini ya maziwa, inazishika katekini na kuzifunga. Kabla yao, mwaka 1998, Waholanzi walikuwa wamepima damu ya wanywaji wakakuta katekini zinaingia kwa kiasi kilekile, maziwa yawepo yasiwepo. Na katika ile kazi ya Uingereza ya 2022, faida ilionekana hata kwa wanaotia maziwa.

Ila tazama maziwa yanayozungumziwa. Mwingereza anadondosha maziwa kikombeni mpaka rangi ibadilike kidogo. Chai ya maziwa ya Nairobi au Arusha ni kitu kingine kabisa: maziwa nusu, maji nusu, majani yanatupwa sufuriani vinachemka pamoja mpaka vinapanda kutaka kumwagika. Asilimia 10 ya Berlin ikiwa ilizima faida, sioni kwa nini nitegemee asilimia 50 iiache. Simzuii mtu chai ya maziwa. Mtoto, mzee aliyekonda, mama anayenyonyesha, maziwa yanawafaa kwa sababu zao wenyewe. Ninachosema ni kwamba unayekunywa kwa ajili ya mishipa, kunywa ya rangi, strungi kama wanavyoiita Mombasa, na maziwa uyanywe peke yake saa nyingine.

Turudi kwenye kijiko.

Nilimwomba shangazi anijazie kijiko anachotumia, nikakitazama. Kilikuwa kijiko cha chai, sawa, lakini sukari ilikuwa imepanda juu kama kichuguu. Kijiko cha kusawazishwa kina gramu 4 hivi. Cha kichuguu kinazidi hapo sana. Tuhesabu hata kwa vya kusawazishwa: vijiko 3 mara vikombe 4 kwa siku ni vijiko 12, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Shangazi ameimaliza yote kwenye chai kabla ya kugusa andazi, ambalo nalo lina sukari yake, na soda ya mgeni, ambayo chupa moja tu inapita gramu 30.

Na sukari haikai pembeni ikiangalia chai ifanye kazi. Inapopanda kwa kasi kwenye damu, utando uleule unapungukiwa kwa muda na uwezo wa kutanuka. Unamimina kitu cha kuulegeza mshipa, na ndani ya kitu hicho umetia cha kuukaza. Kwa mwenye kisukari hasara ni ya wazi zaidi.

Kosa kubwa la nyumba zetu, kwa maoni yangu, ni sukari kutiwa ndani ya birika au chupa ya chai. Mama anaonja mara moja kwa niaba ya watu saba, na anayeonja ndiye mwenye jino tamu kuliko wote. Hakuna anayehesabu, kwa sababu hakuna kijiko mezani. Sukari itoke kwenye chupa ikae kwenye kopo lake, na kila mtu atie kikombeni mwake. Nyumba nyingine matumizi yanapungua wiki hiyohiyo bila hotuba ya mtu.

Halafu punguza polepole. Anayeruka kutoka vijiko 3 hadi sifuri hurudi vijiko 3 ndani ya siku chache, tena kwa hasira. Toa nusu kijiko, kaa wiki mbili, toa nusu nyingine. Ulimi unazoea. Viungo vinasaidia sana hapa: hiliki mbili zilizopondwa, kipande cha mdalasini, tangawizi, au mchaichai uliochumwa nyuma ya nyumba, vyote vinaipa chai utamu wa harufu. Asali na sukari guru usizihesabu kama ujanja. Mwilini ni sukari vilevile.

Kuna sababu nyingine ya sukari nyingi ambayo haitajwi: tunachemsha mno. Majani mengi ya Afrika Mashariki yamesagwa chengachenga, na yanatoa rangi kwa haraka. Ukiyaacha motoni robo saa unapata uchungu unaodai sukari. Chemsha maji na viungo kwanza, epua, ndipo utie majani, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili. Funika dakika 4, chuja. Flavonoidi nyingi zimekwishatoka kufikia hapo, na chai hiyo inanyweka kwa nusu kijiko.

Usiinywe ikiwa inaunguza. Hili halihusu mishipa, linahusu koo, lakini siwezi kumshauri mtu anywe vikombe 3 kwa siku nikalinyamazia. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, ulioko Lyon, ulitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Afrika ya Mashariki ina ukanda wa saratani hiyo, na watafiti waliopima chai ya watu wa Kilimanjaro walikuta wanaanza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi kama 70. Huna haja ya kipimajoto. Mimina, jibu simu mbili, ndipo unywe. Wazee wa pwani walikuwa na njia yao, chai inamiminwa kwenye kisahani na kunywewa humo. Sisi watoto tuliwacheka kumbe walikuwa wanaipoza.

Jambo jingine ni damu. Ule ukakasi wa chai hushikana tumboni na madini ya chuma yanayotoka kwenye maharage, mchicha na ugali, na sehemu kubwa ya madini hayo inapita bila kufyonzwa. Nyama huathirika kidogo. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha si hoja kubwa. Kwa mama mjamzito, msichana anayetoka hedhi nyingi, na mtoto mdogo, ni hoja. Chai ikae mbali na mlo, angalau saa moja kabla au baada, na vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki visimezwe kwa chai hata siku moja. Vimeze kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, maana chungwa husaidia madini yale kuingia. Najua vitafunwa bila chai ni mtihani. Basi anayeambiwa ana upungufu wa damu afanye mtihani huo kwa miezi michache.

Mjamzito aangalie pia kafeini. Kikombe cha chai ya rangi kina miligramu 40 hadi 50 hivi, na madaktari wengi humtaka asizidi 200 kwa siku kwa jumla, kahawa na soda nyeusi zikiwemo. Anayekosa usingizi asimamishe chai kufikia alasiri. Na ukienda kupima presha, usinywe chai nusu saa kabla, kwa kuwa kafeini inaweza kuipandisha kidogo kwa muda, ukaandikiwa dawa ya namba isiyo yako.

Wenye historia ya mawe kwenye figo wasizidishe, kwa sababu chai ina oksalati. Mwaka 2015 madaktari wa Arkansas waliandika habari za mwanaume ambaye figo zake ziliharibika; walipomhoji ikaonekana alikuwa akinywa glasi 16 za chai baridi kwa siku. Vikombe 3 au 4 havijafika huko.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi simu. Tulipoachana Muheza alikuwa amenikasirikia, maana nilimpeleka kupimwa na namba ya juu ilikuwa 168, na akarudishiwa vidonge mbele ya mashoga zake wawili waliokuwa kwenye foleni. Safari hii alikuwa mchangamfu. Vidonge anameza, mjukuu ndiye anayemkumbusha. Sukari imetoka kwenye chupa.

"Nimefika kijiko kimoja na nusu," akasema. "Hiyo nusu, baba, usinifuate nayo mpaka mfungo uishe."